Tupewe Saa Moja ya Usiku

Wako wenzetu wasemao kwamba kutazama nyota ni kazi ya watu wasio na mitihani. Mimi ni wa Kidato cha Nne, mitihani ninayo, nami nasema sivyo.

Chukua nyota iitwayo AM Herculis, iliyo mbali nasi kadiri ya miaka 285 ya nuru. Katika darubini yaonekana moja, kumbe ni mbili, zazungukana kwa saa 3 na dakika 6 hivi. Moja ni kibete cheupe: ukubwa wake ni kama wa dunia yetu, lakini uzito wake wapita nusu ya uzito wa jua. Sumaku yake ni kali ajabu, jambo alilolivumbua Santiago Tapia huko Arizona mwaka 1976. Gesi itokayo kwa nyota ya pili hukamatwa na sumaku hiyo, ikaporomoshwa juu ya ncha zake na kuwaka hapo. Gesi ikiwa nyingi, nyota hung'aa. Ikipungua, nuru hufifia karibu mara 10. Hukaa hivyo majuma au miezi, wala haina ratiba.

Basi nani ataingoja? Darubini kubwa zina kazi nyingi, haziwezi kuikalia nyota moja kila usiku. Ndiyo sababu chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya mtu yeyote aliye mwangalifu. Mtu huilinganisha nyota na jirani zake ambazo nuru yao imekwisha kupimwa, akaandika saa na namba. Asipoiona, huandika jirani hafifu kuliko wote aliyemwona. Hiyo nayo ni habari. Kazi hii haina kunakili kwa jirani asubuhi, kama tunavyojua hesabu zinavyonakiliwa!

Shule yetu ina darubini yenye kioo cha sentimita 20, yatosha kabisa nyota ikiwa katika kung'aa kwake. Lakini hutolewa siku ya wazazi tu, kutazama mwezi. Hapa Dodoma, Julai na Agosti mbingu huwa safi, na nyota hii husimama kaskazini kati ya saa tatu na saa tano usiku.

Naomba saa moja kila juma, usiku usio na mwezi, na taa ya baraza izimwe. Mwalimu wa zamu akiona shaka juu yetu, na aje; kiti tutambebea.