Kipenga cha haki chashinda kamera

MABISHANO kuhusu uamuzi wa refa hayachagui uwanja. Huzuka katika viwanja vya kifahari vya Marekani, na yanaweza kuzuka Garsen, Kaunti ya Tana River, ambako madhara yake huenda yakapita ya kupoteza kombe.

Katika kandanda ya Marekani, ambayo mpira wake hurushwa na kudakwa kwa mikono, kosa linalozua ubishi mkubwa ni la kumzuia mpokeaji pasi. Sheria yawapa beki na mpokeaji haki sawa ya kuuwania mpira ulio hewani. Kilichokatazwa ni kumkumba mwenzako na kumnyima nafasi ya kuudaka kabla haujamfikia. Kwa kuwa kugusana hakuepukiki, ni juu ya refa kupima, kufumba na kufumbua, iwapo mguso umepita kiasi.

Mnamo Januari 20, 2019, jijini New Orleans, Saints na Los Angeles Rams walikuwa sare ya 20-20 zikisalia chini ya dakika mbili. Nickell Robey-Coleman wa Rams alimgonga Tommylee Lewis kabla ya pasi kufika. Waamuzi hawakurusha kibendera cha manjano. Rams walishinda 26-23 katika muda wa ziada na kufuzu kwa fainali ya Super Bowl. Beki huyo mwenyewe alikiri kwamba alimfikia Lewis mapema.

Machi mwaka huo, wamiliki wa klabu waliruhusu maamuzi ya kosa hilo yakaguliwe kwa video. Jaribio lilidumu msimu mmoja tu. Wakaguzi walisita kubatilisha maamuzi, makocha wakalalamika kwamba hawajui kipimo, na 2020 utaratibu ukaachwa. Kamera iliweza kuonyesha mguso. Kuamua kama umezidi kulibaki kazi ya binadamu.

Funzo hilo lina uzito kwa Garsen. Soka nayo hukataza kumzuia mpinzani bila kuucheza mpira: pasipo kugusana adhabu ni frikiki isiyo ya moja kwa moja, na wakigusana ni ya moja kwa moja. Mechi za vijijini huamuliwa kwa jicho na kipenga pekee.

Mnamo Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliyohusishwa na maji na malisho. Vijana wa jamii hizo wanapokutana uwanjani, refa hubeba dhamana kubwa kuliko mabao.

Dhamana hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Yahitaji refa aliyefunzwa, asiyeegemea upande wowote, anayewaeleza manahodha kipimo chake kabla ya mechi na kukishikilia hadi mwisho. Akiteuliwa na timu mwenyeji pekee, walioshindwa watakumbuka kwamba mwamba ngozi huvutia kwake.