Sheria Isingoje Maiti

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya ni usiku wa vinywaji katika miji mingi ya dunia. Jimbo la Utah, katika Marekani, halikungoja usiku huo upite. Tarehe 30 Desemba, 2018, siku moja kabla ya mkesha, lilianza kutumia sheria mpya juu ya madereva wanywao pombe. Tangu siku hiyo, dereva wa Utah akipimwa na kuonekana ana gramu 0.05 za kilevi katika kila mililita 100 za damu yake, amekwisha vunja sheria. Zamani kipimo kilikuwa 0.08. Majimbo mengine yote yalibaki na kipimo kile cha zamani, na hadi mwisho wa mwaka 2024 hapakuwa na jimbo hata moja lililoifuata Utah.

Sisi twaiunga mkono sheria hii. Twataka kueleza sababu zetu, kwa kuwa maneno mengi yamesemwa juu yake, na mengine si maneno ya kupuuzwa.

Kwanza tukumbuke jambo hili lilikotoka. Jimbo la New York lilitunga sheria ya kukataza ulevi katika uendeshaji wa gari mwaka 1910, wakati magari yenyewe yalikuwa machache. Siku hizo hapakuwa na kipimo. Ilimpasa polisi aseme mbele ya hakimu kwamba dereva alipepesuka au alinuka pombe, na dereva naye akane. Mwaka 1939 jimbo la Indiana likaweka kipimo cha 0.15, kiasi ambacho leo kila mtu angekiita ulevi mtupu. Miaka mingi ikapita hivyo, na watu wakizikwa.

Ndipo mwaka 1980, katika California, mtoto wa miaka 13 akauawa na dereva mlevi ambaye alikuwa amekwisha kukamatwa zamani kwa kosa lile lile. Mama wa mtoto yule, Bibi Candy Lightner, hakukaa akilia nyumbani. Aliunda chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani, nao wakawaendea wabunge na magavana bila kuchoka. Mwaka 1983 Utah ikateremsha kipimo hadi 0.08. Mwaka 2000 Serikali Kuu ya Marekani ikatoa amri kwamba jimbo litakalokataa 0.08 litapunguziwa fedha za barabara, na kufikia mwaka 2004 majimbo yote yakawa yamekubali. Kila kipimo kilipoteremshwa, wapinzani walitabiri balaa. Balaa halikuja.

Mwaka 2017 Bwana Norm Thurston alipopeleka bungeni mswada wa 0.05, na Gavana Gary Herbert akautia sahihi, kelele zikaanza upya. Wenye mahoteli na wauza vinywaji walisema kwamba watalii wataikimbia Utah. Wengine wakasema kwamba hii ni sheria ya dini, kwa kuwa watu wengi wa Utah ni Wamormoni, na Wamormoni hawanywi pombe. Wako pia waliosema kwamba wauaji hasa ni walevi wa kupindukia, basi kwa nini asumbuliwe mtu aliyekunywa kidogo na chakula chake?

Juu ya dini jibu ni fupi. Ufaransa na Ujerumani hutumia kipimo cha 0.05, na hakuna mtu awezaye kusema kwamba Wafaransa hawanywi mvinyo wala Wajerumani bia. Juu ya watalii, uchunguzi wa idara ya serikali ya Marekani ishughulikiayo usalama barabarani, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba biashara ya utalii na mauzo ya pombe katika Utah hayakuanguka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Ni kweli kwamba mlevi wa kupindukia ni hatari kuliko wote. Lakini mlevi huyo naye alianza kwa glasi moja. Mtu akiambiwa kwamba anaweza kunywa kiasi fulani kisha aendeshe, atakaa mezani akihesabu glasi, na kila glasi yamharibia hesabu. Kipimo kikiwa chini, hesabu hiyo haina faida tena. Yampasa aamue angali nyumbani, na akili zake timamu, nani atakayeendesha gari usiku huo. Uchunguzi ule uliona jambo hilo hilo: katika wanywaji walioulizwa, zaidi ya watu 22 katika kila 100 walisema wamebadili mwenendo wao, na mara nyingi badiliko lenyewe lilikuwa kutafuta mtu wa kuwarudisha nyumbani. Na mwaka 2019, ukilinganishwa na 2016, kiwango cha ajali zenye vifo kwa maili zilizoendeshwa kilishuka Utah kwa asilimia 19.8. Katika sehemu nyingine za Marekani kilishuka kwa asilimia 5.6 tu.

Hata hivyo, hatutaki kumdanganya msomaji. Baada ya 2019 vifo vya barabarani viliongezeka tena katika Marekani, Utah ikiwamo. Mwaka 2022 peke yake, watu 13,524 waliuawa Marekani katika ajali zilizohusu madereva waliozidi 0.08. Sheria iliyoandikwa vizuri haiwezi kusimama barabarani usiku mahali pa polisi.

Tena lipo neno la kusema juu ya adhabu. Kwa kosa la kwanza, Utah hutoza faini isiyopungua dola 700, mbali na gharama nyingine, pamoja na siku 2 jela au kazi ya kutumikia umma. Laiseni hufungwa siku 120. Kosa la pili katika miaka 10 hufunga laiseni miaka 2, na la tatu humfanya mtu mhalifu wa jinai kubwa, awezaye kufungwa hadi miaka 5. Anayekataa kupimwa hunyang'anywa laiseni miezi 18, na kijana aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuendesha na tone la pombe mwilini.

Katika adhabu hizo, faini ndiyo tunayoitilia shaka. Dola 700 kwa tajiri ni karamu ya usiku mmoja. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo ni kodi ya nyumba. Tajiri aliyenyimwa laiseni huajiri dereva. Mfanyakazi akaaye mahali pasipo basi hupoteza kazi. Kosa ni moja, damu ni moja, lakini maumivu si sawa. Twaona ingekuwa haki zaidi kama faini ingepimwa kwa pato la mkosaji, kama Finland inavyofanya kwa makosa ya barabarani. Wakati huo huo jimbo lizidishe mabasi ya usiku, ili mtu asiye na fedha naye apate njia ya kutii.

Lakini dosari hizo ni za kurekebishwa, wala si sababu ya kurudi nyuma. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Utah imeona ufa ikauziba, na jirani zake wangali wanabishana juu ya bei ya udongo. Mtoto yule wa California hakupata sheria ya kumlinda. Wabunge wa majimbo mengine wajiulize kama wanangoja mtoto mwingine ndipo waandike.