Mhudumu wa Jamii Afundishwe Kwanza Kusikiliza

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anabisha hodi, anakaribishwa mkekani, anafungua daftari. Anaulizia kadi ya kliniki ya mtoto, anaulizia chandarua, anaulizia choo. Mama anajibu yote. Daftari likishafungwa, mama anasema kwa sauti ya chini: "Siku hizi nawaza sana. Usiku silali." Daftari halina mahali pa kuliandika hilo. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, anajibu, "Mwombe Mungu, yatapita," anaaga na kwenda nyumba ya pili.

Nyumba kama hiyo ni nyingi. Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu 137,294 katika miaka mitano, kila mmoja akipewa mafunzo ya miezi sita. Je, katika miezi hiyo afya ya akili ipewe nafasi gani?

Wapo wanaosema mzigo umeshazidi. Hoja yao ina uzito. Mtu mmoja anafuatilia wajawazito, chanjo, malaria, kifua kikuu, lishe na watumiaji wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Na tukimjaza majina ya magonjwa ya akili, atawabandika watu majina hayo, nayo mtaani hayabanduki. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, imetibu watu tangu enzi za ukoloni, lakini hadi leo kumwita mtu "wa Mirembe" ni tusi.

Ndiyo maana nasema mhudumu asifundishwe udaktari wa akili. Afundishwe kusikiliza, kutambua hatari na kufuatilia.

Kwamba hilo linawezekana, Zimbabwe wameshaonyesha. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ya mgonjwa huyo haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, Harare, wakiwapokea wenye shida kwenye benchi nje ya kliniki. Mabibi hawakuanza na neno la kitabuni. Walianza na kufungisisa, neno la Kishona ambalo ni ile "kuwaza sana" yetu. Utafiti wa mpango huo uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona ni takribani asilimia 14 ya waliokaa benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mafunzo yetu nayo yaanzie kwenye maneno ya watu: nawaza sana, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, nimeichoka dunia. Mhudumu afanye mazoezi ya kunyamaza mwenzake anapolia, kisha amsaidie kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Afundishwe kuuliza waziwazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo, lakini tafiti hazijaonyesha hivyo, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye wameulizwa. Ajue pia uzito wa siri anayopewa. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na anayeogopa polisi hatafungua mdomo. Kifungu hicho kinapaswa kuondolewa.

Hata hivyo, semina peke yake haitoshi. Tumezoea mafunzo ya kusaini mahudhurio, kupokea posho na cheti, kisha kimya. Kupanda bila kupalilia ni kulisha magugu. Anayesikia habari za vipigo, misiba na njaa nyumba kwa nyumba hurudi kwake amebeba yote hayo, na mara nyingi naye ana ya kwake. Anahitaji msimamizi wa zahanati anayekaa naye kila mwezi kupitia kesi ngumu, namba ya kupiga usiku mtu anapokuwa hatarini, na mahali pa rufaa panapofikika kwa nauli ya kawaida. Bajeti isiyo na fungu la usimamizi huo haijamfundisha mtu, imempa cheti.

Turudi mkekani. Mhudumu aliyeandaliwa vizuri atalifungua daftari upya, au ataliweka pembeni kabisa, na kusema: "Nieleze, mama. Unawaza nini?" Wiki ijayo atarudi kuuliza kama amelala.