Mbwa wa Geti la Mall Pia Anastahili Pensheni

Wacha niseme, na mkasirike mkitaka: kama uko na uwanja, geti na pesa za kununua mtoto wa German Shepherd kando ya barabara, unaweza kuchukua mbwa mzima aliyestaafu kazi. Na utakuwa umepata mbwa bora.

Tangu shambulizi la Westgate, Septemba 2013, Nairobi tumezoea mbwa langoni. Unafika mall na gari, soja anakusimamisha, mbwa anazunguka akinusa magurudumu na buti, halafu unaingia kununua maziwa yako. Jua la saa nane, mvua, moshi wa matatu, yeye yuko tu. Hatujui hata jina lake. Siku akikosekana analetwa mwingine, na hakuna mtu anauliza yule wa kwanza ameenda wapi.

Mimi nauliza. Mbwa wa kunusa hufanya kazi mpaka miaka minane au tisa hivi. Miguu ikianza kukataa, anatolewa. Bado anaweza kuishi miaka mingine mitatu, minne. Hiyo miaka ni ya nani?

Wenzetu walishapitia hii aibu. Marekani, mpaka 2000, mbwa wa jeshi alihesabiwa kama kifaa, na akizeeka mara nyingi aliuawa. Mwaka huo wakapitisha Robby's Law, sheria iliyofungua njia wanaostaafu wachukuliwe na familia. Kule Macau, uwanja wa mbio za mbwa wa Canidrome ulipofungwa 2018, greyhound zaidi ya 500 walibaki bila kazi. Watetezi wa wanyama walihangaika mpaka wakawatafutia makao, wengi wao nchi za nje.

Vijana wa Kangemi wanamjua greyhound, hata kama hawajawahi kumgusa. Ndiye yule mwembamba anayekimbia kwenye skrini ya duka la kubeti. Wa skrini hazeeki. Wa kweli anastaafu akiwa na miaka minne, mitano hivi, na familia zilizomchukua zikashangaa: bingwa wa kilomita 60 na zaidi kwa saa, akifika nyumbani analala kwenye kochi karibu siku nzima! Kumbe mbio haikuwa tabia yake. Ilikuwa kazi tu.

Najua mtaniambia: huyo ataumiza watoto. Niliacha chuo, sina digrii ya mifugo, lakini hii haihitaji digrii. Mbwa wa kunusa mabomu hafundishwi kuuma. Anafundishwa akipata harufu akae chini, atulie, halafu apewe mpira wake acheze. Kwake hiyo kazi yote ni mchezo. Mbwa wa kukamata wezi ni hadithi nyingine. Huyo apimwe kwanza na mkufunzi na daktari wa mifugo, na wengine kweli hawatafaa nyumba yenye watoto. Sawa. Lakini hiyo si sababu ya kuwafungia wote mlango.

Mtasema pia mbwa mzee ni gharama. Ni kweli: chakula, chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa za viungo. Na yule wa kando ya barabara je? Hujui mama yake, hujui kama amechanjwa, na parvo inaweza kummaliza kabla hata watoto hawajakubaliana aitwe Simba ama Bosco.

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatutaki mbwa, tunataka kengele yenye meno. Hapa Mountain View kibao cha MBWA KALI kiko kwa geti, na nyuma yake kuna kiumbe kimefungiwa kibandani tangu asubuhi, kinatolewa usiku kibweke. Eti hiyo ndiyo kufuga.

Kwa hivyo nataka mambo matatu. Kampuni za ulinzi ziweke wazi: mbwa anastaafu lini, na anakabidhiwa nani. Wenye mall waandike hilo kwenye mkataba. Wanadai sare safi na mbwa mwenye afya, wadai na uzee wake pia. Na sisi wenye mageti tuwe tayari kupokea. Wakati tukingoja hizo kampuni, KSPCA wako Lang'ata Road, chama kilichoanza 1910, na kuna mbwa wazima pale wanaotafuta nyumba.

Ukimleta, usimharakishe. Mbwa wa kazi huenda hajawahi kupanda ngazi za nyumba, kukanyaga vigae au kusikia televisheni. Mpe kona yake tulivu. Wiki za kwanza mtoe na kamba. Waambie watoto wasimrukie akiwa amelala. Mpe miezi, si siku mbili, na usisahau mpira.

Wikendi hii ukisimamishwa kwa geti la mall, teremsha kioo umuulize soja: huyu anaitwa nani, na akizeeka anaenda wapi? Asipojua, si kosa lake. Panda juu umuulize meneja. Mkiuliza watu mia, watatafuta jibu.