Wastani wa taifa haujazi debe la mkulima

Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati, ngazi ya chini. Wastani wa pato la kila Mtanzania kwa mwaka 2019 ulikuwa Dola 1,080 za Marekani, wakati kiwango cha kuingilia katika kundi hilo kilikuwa Dola 1,036. Rwanda na Burundi, majirani wa Wilaya ya Ngara, zilibaki katika kundi la kipato cha chini.

Kwa hesabu hiyo, anayevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda anaingia katika nchi yenye neema zaidi. Lakini mwaka huohuo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilitoa kipimo chake, kinachojumlisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Humo Rwanda ilipata 0.543, Tanzania 0.529 na Burundi 0.433. Mto ni uleule na daraja ni lilelile, ila kilichobadilika ni kipimo, na aliyekuwa nyuma akawa mbele.

Mkulima anaweza kuona kuwa mambo haya ni ya wasomi. Sivyo. Wakopeshaji wakubwa hutazama wastani huo wanapoamua nchi ipi ipate mikopo ya masharti nafuu, ile inayojenga barabara, shule na zahanati.

Tatizo la wastani ni kwamba unamjumlisha aliyeshiba na mwenye njaa. Biharamulo ni mfano mzuri. Mgodi wa Tulawaka ulipoanza kuzalisha mwaka 2005, dhahabu yake iliingia katika Pato la Taifa. Mkulima wa maharage wa wilaya hiyohiyo aligawiwa fungu lake kwenye karatasi, hata kama shambani kwake halikuongezeka debe moja.

Ipo njia bora, na ilijaribiwa hapahapa Kagera. Kati ya 1991 na 1994 watafiti waliandikisha kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za mkoa, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu walewale popote walipokuwa, hata waliohamia mikoa mingine na Uganda. Hawakuuliza wastani, waliuliza kila mtu anakula nini na anatumia kiasi gani.

Majibu yalishtua. Watu waliotoka nyumba moja walikuwa wameachana mbali. Ongezeko la matumizi ya waliohama lilizidi lile la ndugu zao waliobaki kijijini kwa pointi 36 za asilimia. Wastani wa mkoa usingeonyesha hilo kamwe. Ujumbe wake ni mzito: kwa wengi, kukihama kijiji kulikuwa njia ya kutoka katika umaskini.

Ni wajibu wa halmashauri za Ngara na Biharamulo kupima maendeleo kwa mtindo huo. Zifuatilie kaya zilezile mwaka hadi mwaka, zijue nani amepanda, nani ameshuka na kwa sababu gani, kabla ya kupanga bajeti.

Wafanyabiashara wadogo nao wana sehemu yao. Gunia la maharage linalopita njia za panya kwenda Burundi haliingii katika takwimu za forodha, na soko lisiloonekana kwenye takwimu ni vigumu kulidai barabara wala ghala. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama zenye thamani isiyozidi Dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Kupita Kabanga au Rusumo na cheti hicho ni kuhesabiwa.

Asiyehesabiwa hagawiwi. Kabla ya kushangilia au kusikitikia nafasi ya Tanzania mbele ya majirani zake, swali la kwanza liwe: kaya ya Ngara iliyokuwa na gunia moja mwaka jana, mwaka huu ina mangapi?