Tiba ya kuwekewa mikono: inaleta nini, na hatari yake iko wapi?

Huenda umeliona tangazo lake kwenye simu yako. Mtu amelala kitandani amefumba macho, mwingine amemwekea mikono kichwani au kifuani, na maelezo yanasema anamwongezea “nishati ya uhai”. Jina linalotajwa mara nyingi ni Reiki. Wengine hudai kwamba hata kusafiri si lazima: tuma pesa kwa simu, nishati itakufikia ulipo.

Reiki ilianzia Japani mwaka 1922, ikifundishwa na Mikao Usui. Katika miaka ya 1930, Hawayo Takata, mwanamke wa Hawaii mwenye asili ya Japani, alijifunza tiba hiyo Tokyo na kurudi nayo nyumbani. Kutoka hapo ikaenea Marekani na Ulaya. Haikuwa elimu ya bei rahisi: Takata aliwatoza wanafunzi wake dola 10,000 ili wafikie ngazi ya ualimu. Leo baadhi ya hospitali za Marekani na Uingereza huruhusu wagonjwa wa saratani kuipata kama huduma ya nyongeza, huku dawa zao zikiendelea.

Tusiichanganye na mambo mawili tunayoyajua. Mama anayekukanda mgongo kwa mafuta anafanya kazi kwenye misuli, na misuli hiyo ipo, inashikika. Kuwekewa mikono kanisani ni maombi, na anayeombwa ni Mungu. Reiki haimo kwenye makundi hayo. Mwaka 2009 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walizitaka taasisi zao zisiitumie, wakisema haina msingi katika sayansi wala katika imani ya Kikristo.

Je, hiyo nishati ipo? Jaribio linalojulikana zaidi lilibuniwa na mtoto. Emily Rosa, wa jimbo la Colorado nchini Marekani, alikuwa na umri wa miaka tisa alipowapima wahudumu 21 wa tiba inayofanana na Reiki. Walisema wanaweza kuihisi nishati ya mtu bila kumgusa. Alisimamisha kadibodi kati yake na kila mhudumu, yeye akapitisha mikono yote miwili kwenye matundu asiweze kuona upande wa pili. Emily alirusha sarafu kuamua, kisha akasogeza mkono wake juu ya mkono mmoja wa mhudumu na kumuuliza: uko juu ya upi, wa kulia au wa kushoto?

Mtu anayebahatisha tu atapata karibu nusu. Katika majaribio 280, wahudumu walipatia asilimia 44. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Wahudumu wengi waliyapinga, lakini swali la yule mtoto lilikuwa la haki kabisa: kama unaihisi, iko wapi?

Hata hivyo, watu wanaosema walitoka pale wamepata nafuu hawasemi uongo. Mgonjwa mwenye hofu analazwa mahali patulivu, hakuna anayemharakisha, na mtu anamsikiliza kwa muda mrefu. Wasiwasi unapungua, usingizi unakuja, na maumivu yanaweza kupungua makali. Nani kati yetu amepata muda huo kwenye foleni ya zahanati? Faraja hiyo ni ya kweli, na haihitaji nishati ya ajabu kuielezea. Tatizo ni kwamba haiui vimelea wala haiondoi uvimbe.

Hatari kubwa inakuja mtu anapoacha dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliangalia kumbukumbu za wagonjwa wa saratani nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Wagonjwa waliochanganya matibabu ya hospitali na tiba za nyongeza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukataa sehemu ya matibabu hayo, kama upasuaji au mionzi. Hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara mbili ya wenzao, na chanzo kilichoonekana ni huko kukataa.

Sisi tuna mfano wetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Kilikuwa cha dawa ya mitishamba, si cha mikono, lakini yaliyofuata yanafanana: baadhi ya watu wenye virusi vya Ukimwi waliamini wamepona, wakaacha dawa za kufubaza virusi.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili watoa huduma. Una haki ya kuomba kuona usajili, ingawa karatasi hiyo peke yake haithibitishi kwamba tiba inaponya. Zaidi ya hapo, sikiliza anachokuambia kuhusu vidonge vyako. Akisema viache, ondoka.

Fikiria mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi sita, kwa kawaida, lakini baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua na nguvu hurudi. Akiwekewa mikono wiki hiyohiyo, ni rahisi aisifu mikono na kuviweka vidonge kando, wakati vijidudu bado vimo kifuani.