Gari Kushuka Si Gari Kutulia

Mwandishi wa safu moja ya magari amedai kwamba koilova za bei nafuu, yaani seti za springi na shokapu za kushushia gari, hulifanya gari lolote lishike barabara, kwa sababu tu limeshuka. Hilo ni kweli kwa picha.

Chukua Subaru Impreza ya miaka ya 2000 hadi 2007, kipenzi cha vijana wa Nairobi. Magurudumu yake yote manne hubebwa na mfumo wa springi na shokapu wa aina ya MacPherson. Ikishushwa kupita kiasi, mikono ya chini huinuka upande wa gurudumu, kitovu ambacho bodi huyumbia kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na gari hutaka kulala zaidi kwenye kona. Springi ngumu za seti hizo huficha kasoro hiyo, haziiondoi.

Mwandishi anasifu pia kitufe cha kurekebishia ugumu wa shokapu. Kwenye seti nyingi za bei ya chini, kitufe kimoja hubadilisha kubana na kurudi kwa shokapu kwa pamoja. Vali duni hubaki duni hata kikizungushwa mpaka mwisho.

Kweli, anayetoa shokapu zilizokufa atapata nafuu hata kwa seti rahisi. Ila aipime kwenye matuta, wala si kwenye maegesho: gari likigonga mpira wa kizuizi wa shokapu, alipandishe, kisha alifanyie alaimenti upya.